Nta Kwanza

Ushirika wa Warina Asali, nyuma ya stesheni ya Tabora,
una kompyuta yenye rangi ya meno ya mvuta sigara.
Imefungwa kwenye mzani kwa waya mnene kama mkia wa ng'ombe
na kazi yake ni moja: kupima ndoo, kupiga hesabu, kuchapa risiti.
Imefanya hivyo miaka ishirini na saba bila kuomba likizo.

Msimu huu bei ya ndoo ikafika tarakimu sita.
Aliyeandika programu aliacha nafasi ya tano.
Hakuwa mjinga. Aliipima kesho kwa rula ya siku ile.
Sasa mrina anatua ndoo ya laki moja na elfu nne
na risiti inamwambia: elfu nne.

"Nunueni mpya," alisema mtu wa mkoani, akitazama saa.
Mpya haina tundu la waya ule,
na mzani haujui lugha nyingine.

Nikaitwa mimi, Wande, fundi taipureta
niliyegeuka fundi wa kila kitu chenye plagi.
Msimbo upo: kurasa tisini na moja, karatasi za matundu pembeni,
duara la kikombe cha chai ukurasa wa arobaini.
Lakini msimbo si programu, kama unga usivyo ugali.
Unataka mkalimani, ageuze maneno yetu kuwa namba za mashine,
unataka mshonaji, aunge vipande hadi viwe vazi.
Kompaila na linka, wenyewe mjini huwaita hivyo.
Diski yao ililiwa na ukungu.

Waliomo kwenye laptopu yangu ni vijana.
Wanadai nafasi kubwa kuliko ghala;
nikiwapeleka kwenye mfumo endeshi ule mkongwe
wanafia mlangoni, bila hata neno la kosa.

Na kumjenga mkalimani kunahitaji mkalimani.
Usiku wa tatu umeme ukakatika, nikabaki gizani na jambo hilo
kama mtu anayetafuta miwani yake
na haioni kwa kuwa hajaivaa.

Lugembe, mpanga ndoo, akauliza kinachonikwamisha.
Nikamweleza. Akacheka hadi akakohoa.
"Nyuki nao hawaingii mzinga mtupu kwa barua, dada.
Unapaka nta ndani, kipande tu, kutoka sega lililokufa.
Harufu inawaita. Wakishaingia, watajenga wenyewe."

Basi nikaandika nta.
Mkalimani mdogo, mzito wa akili, kwa namba tupu,
anayejua kujumlisha, kuruka na kurudi.
Huyo akamjenga kaka yake. Kaka akajenga mwingine.
Wa nne alipotoka
alizisoma kurasa zote tisini na moja, hata ile yenye chai.

Mshonaji alinitesa zaidi.
Anashona, anashona, anafika ukosi, anasimama:
jina hili silijui.
Lilikuwa jina la kijikazi cha kusoma saa
ambacho mfumo ule hauna, wala haukuwahi kukiota.
Siku nne. Mwisho nikakiandika mwenyewe, mistari kumi na miwili,
nikakipa jina lile lile,
kama mtoto anavyopewa jina la babu aliyefariki
ili pasikose wa kuitika.

Jumatatu akaja mrina kutoka Sikonge, baiskeli, ndoo mbili.
Sindano za printa zikapiga kelele zake za kuku.
Laki mbili na elfu nane.
Akaisoma, akaikunja mara tatu, akaitia ndani ya soksi.
"Mbona leo mmechelewa kufungua?" akauliza.

Tarehe kwenye risiti bado si sahihi;
inashikilia kwamba tuko mwaka wa tisini na kitu.
Nitairekebisha. Si leo.
Leo herufi N inanata, ikibonyezwa haitaki kurudi juu:
Lugembe aliigusa kwa kidole chenye asali
na mimi sijaifuta.